Risasi Katika Mzoga: Mazungumzo na Wawindaji wa Kata ya Natta

(Haya ni maneno ya afisa wanyamapori mbele ya mkutano wa hadhara wa kata, kama yalivyoandikwa kwa ajili ya jarida hili.)



Nimeombwa nizungumze juu ya risasi na tumbusi, ndege ambaye wengi wetu humwita tai. Nilipoigusia habari hii katika kikao kilichopita, mzee mmoja alicheka, kisha akaniuliza kama Serikali, baada ya kukataza mshale wenye sumu, shimo na waya, sasa imebakiza kuikataza risasi yenyewe. Watu walimpigia makofi. Swali lile halikustahili jibu la haraka, ndiyo maana nimerudi.

Niondoe hofu kwanza: sikuja na katazo mkononi. Nimekuja na habari ya jambo ambalo wawindaji wa nchi nyingine wamebishana nalo kwa miaka mingi, nasi tunaokula nyama ya porini kwa kibali tunapaswa kulijua kabla halijatufikia kwa njia ya amri.

Kiswahili kimetuwekea jambo hili wazi bila sisi kulitambua. Tuna neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka katika mtutu, na risasi ni yale madini mazito, laini, ya kijivu, yaliyomo pia ndani ya betri ya gari. Babu zetu walivipa jina moja kwa sababu vilikuwa kitu kimoja. Leo mtu akisema risasi ya shaba, sikio la mzee linashtuka kidogo, na kwa haki.

Madini hayo ni sumu. Risasi laini inapompiga nyumbu na kugusa mfupa, haibaki nzima. Huvunjika vipande vingi, vingine vidogo kama chembe za vumbi, navyo husambaa katika nyama na matumbo mbali na tundu la jeraha. Mwindaji huchukua nyama, matumbo huyaacha porini. Tumbusi hushuka. Tumbo la ndege huyu lina asidi kali, ndiyo maana hula kilichooza asiugue. Lakini asidi hiyohiyo huyeyusha vipande vya risasi na kuvipeleka katika damu. Ndege hulegea, mabawa humshinda, hukaa chini akakonda mpaka akafa. Hakuna anayemwona akifa, kwa kuwa hafi pale penye mzoga.

Watafiti waliwapima tumbusi zaidi ya 500 nchini Botswana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba karibu theluthi moja walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango cha kawaida, na kwamba hali ilizidi katika msimu wa uwindaji na katika maeneo ya uwindaji. Niseme pia kwa haki kwamba risasi zote hazilingani: zile ngumu zinazotumika kwa tembo hazipasuki sana, bali zile laini zinazotanuka ndani ya mnyama ndizo huacha vipande vingi.

Sasa wawindaji wenyewe walisemaje? Katika jimbo la California, Marekani, kuna tumbusi mkubwa aitwaye kondo, ambaye mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu porini. Risasi katika mizoga ilionekana kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Sheria ya kukataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote ilitiwa saini mwaka 2013, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019. Wawindaji walipinga. Walisema risasi za shaba ni ghali, hazipatikani madukani, na bunduki za zamani hazielewani nazo. Wengi waliongeza kwamba hili lilikuwa katazo la uwindaji lililovishwa kanzu ya kuwatetea ndege.

Jimbo jirani la Arizona lilikuwa na ndege walewale na tatizo lilelile, lakini halikutunga sheria. Tangu mwaka 2005 idara ya wanyama ya jimbo hilo huwapa risasi za shaba bila malipo wawindaji wanaoingia katika makazi ya kondo, huwaeleza sababu, na huwaomba wasiotaka kuzitumia wayaondoe matumbo porini. Wengi mno wamekubali kwa hiari yao. Denmark nayo ilikataza marisau ya madini hayo mwaka 1996 huku wawindaji wakinung'unika; ilipofika Aprili 2024 ikakataza na risasi za bunduki kubwa, na safari hii chama cha wawindaji kiliunga mkono.

Kwa maoni yangu tofauti haikuwa katika shaba. Mtu aliyeelezwa, akapewa cha kutumia badala ya kile anachonyang'anywa, husikiliza. Mtu aliyekatazwa tu hutafuta pa kupitia.

Nasi hapa Natta tuna sababu ya kusikia neno katazo kwa masikio mazito. Wanata, Waikoma na Waisenye ni wakulima waliokuwa pia wawindaji kabla mtu yeyote hajachora mpaka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, mipaka ikabadilishwa mwaka 1959. Mwaka 1989 ilipita Operesheni Uhai, ambayo wazee waliopo hapa hawahitaji kusimuliwa na mimi. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti zikawa mapori ya akiba. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na nyingine nazitetea kila siku kazini. Lakini siwezi kusema mbele yenu kwamba kila mara mwindaji aliulizwa.

Hata lile lalamiko la gharama si geni kwetu. Katika miaka ya 1990 mradi wa hifadhi wa kanda ya Serengeti uliviwezesha vijiji jirani, Robanda kikiwamo, kuvuna nyumbu kihalali kwa mgawo na kuuza nyama. Lilikuwa wazo zuri. Hesabu zilipopigwa, uvunaji ule haukujilipa. Gharama ya kuuendesha ilizidi mapato ya nyama. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba risasi ya bei kubwa itamfanya mwenye kibali arudi kwenye waya usiolipiwa kibali wala kodi, simwoni mkaidi. Waya humkamata nyumbu, swala, chui na mbwa wa jirani bila kubagua. Tukiifanya njia halali kuwa nzito kuliko njia ya wizi, tumbusi hatakuwa amepona.

Pamoja na hayo, mzee wangu, liko jambo moja ambalo sikubaliani nalo, nalo ni kuona kwamba haya ni mambo ya ndege tu. Tangu kanuni za mwaka 2020 zilipofungua njia ya mabucha ya nyamapori, nyama hii inaweza kufika mezani kwa halali kabisa. Vile vipande vinavyomwua tumbusi havionekani kwa macho, havihisiwi na jino kila mara, wala havitoki kwa kuchemsha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya kinachojulikana kuwa salama. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa kuwa hushambulia ubongo unaokua, na mama mjamzito.

Basi ninayoyaomba leo ni haya. Mwenye kibali akate na kutupa nyama ya kuzunguka jeraha kwa upana wa viganja viwili kila upande, hata kama roho inauma, na nyama hiyo asimpe mbwa. Matumbo ayafukie chini kabisa, fisi asiyafukue. Akiweza kupata risasi za shaba, azijaribu kwenye shabaha kwanza, kwa kuwa hupiga tofauti kidogo. Na yeyote anayeyeyusha betri chakavu jikoni, iwe kwa gobore au kwa kazi nyingine, aache leo. Mvuke na vumbi lake hukaa katika nyumba anamolala mtoto. Juu ya gobore lisilo na leseni mnajua nitakalosema, kwa hiyo silisemi.

Kwa upande wetu, nimeshawasilisha ombi kwamba tunapomwua mnyama mharibifu mashambani, mzoga wake usiachwe wazi ukiwa na risasi ndani. Sijajibiwa bado. Nikijibiwa, hata kama ni kwa kukataliwa, nitalieleza hapa.

Tena kuna sumu za makusudi. Botswana, mwaka 2019, tumbusi 537 walikufa kwa mara moja penye mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Majangili hufanya hivyo kwa sababu tumbusi wakizunguka angani humwonyesha askari mahali mnyama alipouawa. India tumbusi walikwisha kwa dawa ya mifugo, mbwa wa mitaani wakaongezeka penye mizoga, na ninyi mnaopeleka mbwa wenu kwenye chanjo ya kichaa kila mwaka mnaelewa maana yake.

Atakayemkuta tumbusi aliyekufa au asiyeweza kuruka asimguse kwa mkono mtupu, wala asiruhusu watoto wachukue manyoya. Amwarifu mwenyekiti wa kitongoji au askari wa wanyamapori wa kijiji siku hiyohiyo, naye atatufikishia habari Mugumu. Tuambieni ni mahali gani, ni wangapi, na kama kuna mzoga karibu. Hatutamuuliza mtoa habari alikuwa anafanya nini porini.

Sasa nipokee maswali, nikianza na mzee wangu aliyecheka.