Kupeleka Fedha kwa Jamaa Kutoka Nchi za Nje: Ipi Njia Yenye Nafuu?

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Ni nadra kuukuta ukoo wa Unguja au Pemba usiokuwa na mtu wake Maskati, Dubai au London. Hali kadhalika, wapo watumishi na wakaazi wa Visiwani waliozaliwa Bara, ambao ndugu zao nao wametawanyika katika nchi za nje. Wote hao huulizana jambo moja: fedha ipitishwe wapi ili imfikie mzee haijamegwa njiani?

Mfano wa mazungumzo haya umechukuliwa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Iramba. Ni nchi ya wakulima wa alizeti, mtama na vitunguu. Imechaguliwa kwa kuwa iko mbali na kaunta za benki kubwa za Dar es Salaam, na njia inayomfaa mama wa Nduguti haitashindwa kumfaa mama wa Micheweni au Makunduchi.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba uhuru wa kuchagua njia ni jambo la karibuni. Kabla ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992, fedha iliyopitia benki ilibadilishwa kwa kiwango cha Serikali, nacho katika miaka ya mwanzo ya 1980 kilikuwa chini mno kuliko kile cha vichochoroni. Aliyepitisha fedha benki alijikuta amempa mama yake nusu ya alichokusudia, au chini ya hapo. Ndiyo maana watu walipeleka vitu badala ya fedha, khasa baada ya mwaka 1984 wenye fedha zao za nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa: redio, vitambaa, vipuri, vikauzwa na bei yake ikawa ndiyo msaada. Sheria ya 1992 ndiyo iliyofungua mlango wa maduka ya kubadilishia fedha na akaunti za fedha za kigeni.

Na achukuliwe sasa kijana wa Nduguti anayefanya kazi Maskati. Baba yake ni mgonjwa, na mama anahitaji fedha ili ampeleke Hospitali ya Haydom, upande wa Mbulu. Kijana ana riali 77, ambazo ni kama dola 200, kwa kuwa riali ya Omani imefungwa kwa dola kwa kiwango kile kile tangu mwaka 1986 na haipandi wala haishuki mbele yake. Kinachopanda na kushuka ni shilingi. Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,700, na kabla mwaka haujesha ikarudi karibu na 2,400. Kwa hiyo fedha ile ile iliyopelekwa Oktoba na ile iliyopelekwa Disemba hazikuwa na uzito mmoja Nduguti.

Njia ya kwanza ni benki kwa benki. Maagizo ya malipo hupita katika mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa mwaka 1973, na mara nyingi fedha husimama katika benki moja au mbili za katikati, ambazo nazo hukata ujira wao bila ya kumuuliza mtu. Ada ya benki haiangalii udogo wa fedha. Anayepeleka dola 200 huweza kutozwa sawa na anayepeleka 5,000. Takwimu za Benki ya Dunia zimeonesha mwaka hata mwaka kwamba benki ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote kwa fedha ndogo. Kwa anayejenga nyumba au kununua shamba, na anayetaka karatasi ya kuthibitisha fedha ilikotoka, benki ndiyo inayofaa. Kwa dawa ya mzee, haifai.

Njia ya pili ni kampuni za kupeleka fedha taslimu, mfano wa Western Union na MoneyGram. Mpelekaji hupewa namba, humpigia mama simu, naye huenda dirishani na kitambulisho. Sifa yake ni kwamba mpokeaji hahitaji akaunti wala simu iliyosajiliwa. Aibu yake ni safari. Ikiwa dirisha la karibu liko Singida mjini, mama atapanda gari kupitia Iguguno, atakula huko, na huenda akalala. Nauli hiyo haimo katika orodha ya ada iliyobandikwa Maskati, walakini imetoka katika fedha ile ile.

Njia ya tatu ndiyo iliyogeuza mambo. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwezi Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2015 wateja wa M-Pesa wa Kenya na wa Tanzania wakaanza kupelekeana fedha kuvuka mpaka. Baadaye kampuni za nje, kama WorldRemit iliyoanzishwa London mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mzaliwa wa Somaliland, zikawezesha mtu aliye Ulaya kuiingiza fedha moja kwa moja katika simu ya jamaa yake. Hapo mama hana haja ya kutoka Nduguti. Wakala yuko dukani.

Hata hivyo, njia hii nayo ina makato yake. Lipo kato la kutoa fedha kwa wakala, na Kiswahili cha mitaani kimekwisha kulipa jina: "ya kutolea". Mwenye adabu ya kupeleka fedha huiongeza juu. Aidha, Julai 2021 Serikali ya Muungano iliweka tozo ya miamala ya simu, wananchi wakalalamika sana, na ikapunguzwa baadaye.

Jambo linalowapotosha wengi ni neno "bure". Tuseme siku hiyo dola moja ni shilingi 2,600. Kampuni ya kwanza haitozi ada, ila inaihesabu dola kwa 2,470. Mama atapata shilingi 494,000. Kampuni ya pili inatoza dola 6, ila inaihesabu dola kwa 2,590. Mama atapata 502,460. Ya "bure" imemnyima mgonjwa shilingi 8,460, na hakuna risiti inayosema hivyo. Basi swali la kuuliza kaunta ni moja: nikikukabidhi hizi, mama atapokea shilingi ngapi mkononi? Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama zote, pamoja na hilo kato lililojificha, ziwe chini ya asilimia 3. Wastani wa dunia bado uko kwenye asilimia 6 na zaidi.

Ipo na hawala, ambayo haiwezi kupitwa kimya. Ni ya kale, ni ya haraka, na husimama juu ya uaminifu wa watu wawili. Wengi wa Visiwani wamelelewa nayo. Lakini biashara ya kuhamisha fedha inahitaji leseni, na uaminifu wa dalali haumkingi mteja mkono wa dola unapoingia. Novemba 2001 Marekani ilipozuia mali za Al-Barakaat, kampuni kubwa ya Wasomali, familia nyingi zisizo na kosa zilibaki zikisubiri fedha zao.

Watu wa Nduguti na wa Visiwani wanakumbushwa pia mambo madogo yanayozuia fedha kubwa. Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho cha NIDA. Mama anayejulikana mtaani kwa jina la mwanawe wa kwanza hatalipwa kwa jina hilo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibiwe. Mpelekaji ampigie mama na kuisikia sauti yake. Risiti na namba ya muamala zitunzwe mpaka fedha ithibitishwe kupokelewa, kwani bila ya hizo malalamiko hayana pa kushika. Na siku ya mnada wakala huweza kuishiwa taslimu kabla ya adhuhuri, hivyo fedha ya hospitali ni bora ifike jana yake, mama akaitoe asubuhi.