MAZUNGUMZO JUU YA NDEGE
Somo la Nne: Bundi wa Ghalani

Hamjambo ninyi mlioketi madarasani jioni hii, na ninyi mnaosikiliza nyumbani huku mkimenya mihogo. Hili ni somo la nne katika mazungumzo yetu ya msimu huu juu ya ndege. Tulianza na kunguru, tukaja kwa kwelea kwelea anayetumalizia mtama, na juma lililopita mwenzangu aliwaeleza habari za korongo. Leo zamu ni yangu, nami nimechagua bundi. Wenzangu katika chama chetu cha kutazama ndege walinicheka. Walisema, "Ukimtaja bundi redioni, na usiku umeingia, watu watazima redio." Basi nawaomba msizime.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano, wanafunzi wayasome kwa sauti: bundi, panya, ghala, dari, tauni. Wakati mnasoma, mimi nitafungua barua.

Barua hii ilitufikia kutoka kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara. Aliyeiandika ni mama anayesoma katika darasa la watu wazima, na anasema ni barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake silitaji. Anasema hivi: "Katika paa la ghala letu anakaa bundi. Mwaka jana mtoto wangu alipougua, bundi huyu alilia usiku tatu, na siku ya nne mtoto akafariki. Mama mkwe anasema bundi ndiye aliyemwita. Mume wangu anataka kumtoa kwa moshi na kumwua. Lakini mimi nafagia ghala, na chini ya bundi naokota mifupa ya panya mingi. Nifanye nini?"

Mama, kwanza pole. Pole sana. Hakuna somo la redio liwezalo kukurudishia mtoto, wala sitajaribu kuliondoa jambo hili kwa maneno mepesi. Na mama mkwe wako simcheki. Yeye alimsikia bundi, na alimsikia kweli. Watu wengi wamefundishwa hivyo na wazee wao. Huko pwani wazee walimwita bundi babewatoto, na kwa jina hilo watoto walitishwa ili walale. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo, bundi akilia juu ya mwembe, bibi yangu alitupa chumvi motoni na kumtukana bundi hadi anyamaze. Sisi watoto tulijifunika shuka hata kichwa.

Lakini fikirini usiku wa nyumba yenye mgonjwa. Siku zote tunalala mapema, tumechoka kwa kulima. Bundi hulia usiku wa manane, nasi hatumsikii, maana tunakoroma. Hulia mwezi huu, hulia mwezi ujao, wala hakuna amhesabuye. Kisha mtoto anaugua. Hapo hakuna anayelala. Taa inawaka mpaka alfajiri, jirani wamekuja, watu wamekaa kimya wakisikiliza pumzi za mgonjwa. Usiku huo kila sauti inasikika: mbwa, mende akitembea katika makuti, na bundi. Mtoto akipona, bundi anasahauliwa. Mtoto akifa, bundi anakumbukwa miaka ishirini. Sasa niambieni, wanafunzi: ni bundi aliyekuja usiku ule, au ni sisi tuliokuwa macho?

Tena kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Mtoto mwenye homa kali, anayepumua mbio, asiyetaka kunyonya, au aliyelegea kwa kuhara, anahitaji kupelekwa kwa mganga wa zahanati saa ile ile, hata kama ni usiku. Saa moja tunayoitumia kumfukuza bundi kwa mawe ni saa moja tunayomnyang'anya mtoto.

Haya. Sasa tumtazame huyu ndege mwenyewe.

Bundi wako wa aina nyingi. Yuko mkubwa mwenye manyoya kichwani yaliyosimama kama masikio, na yuko mdogo anayeenea katika kiganja. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, kuna bundi mdogo ambaye wataalamu walimjua mwaka 1965 tu. Uzito wake ni kama gramu 50. Mwaka 1992 alionekana pia chini ya Usambara ya Mashariki, basi mama mwenye barua ni jirani yake. Na kisiwa cha Pemba kina bundi wake mdogo asiyeishi mahali pengine popote duniani. Wapemba wangeweza kujivunia ndege huyo kama wanavyojivunia karafuu.

Lakini bundi wa barua yetu, anayekaa ghalani, karibu nina hakika ni yule mwenye uso mweupe ulioumbwa kama moyo. Mgongo wake ni wa rangi ya dhahabu na kijivu, tumbo jeupe. Huyu hajengi kiota. Hutaga juu ya dari, katika shimo la mti, au hata katika lile jumba kubwa la vijiti alilojenga fundichuma na kuliacha. Wala hasemi "huu, huu" kama bundi wakubwa. Yeye hupiga ukelele mkali kama kitambaa kinachochanwa. Vifaranga wake hukoroma. Ndiyo, hukoroma na kufoka usiku kucha wakidai chakula, na mtu anayelala chini ya dari hiyo asipojua huweza kuapa kwamba nyumba imeingiliwa na jini. Nimewahi kuitwa kuangalia jini wa namna hiyo. Tulipoweka ngazi na kumulika kwa tochi, tuliona majini manne, yote yana manyoya laini meupe, na kila moja limemzidi mwenzake ukubwa kama ngazi ya watoto wa nyumba moja. Sababu ni hii: mama huanza kuatamia tangu yai la kwanza, asingoje yote yatimie. Kwa hiyo wa kwanza huanguliwa siku kadhaa kabla ya wa mwisho.

Macho ya bundi hayazunguki kama yetu. Yamekazwa mahali pake, ndiyo maana hugeuza kichwa chote, hata akatazama nyuma bila kugeuza mwili. Mtu ana mifupa saba ya shingo, bundi ana kumi na minne. Watu husema, "Ona, kichwa kimezunguka, huyu si ndege wa kawaida." Ni ndege wa kawaida mwenye shingo nzuri.

La ajabu kwangu ni masikio. Hayaonekani, yamefichwa chini ya manyoya ya uso, tena hayalingani: moja liko juu kidogo kuliko jingine. Ule uso mpana hukusanya sauti, kama mzee asiyesikia vizuri anavyoweka kiganja sikioni. Panya akikanyaga jani kavu, sauti hufika sikio moja kabla ya jingine kwa muda mdogo mno, na bundi hujua panya yuko kushoto au kulia; na kwa tofauti ya ukali wa sauti katika masikio hayo mawili hujua yuko juu au chini. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Payne, alimfungia bundi wa namna hii katika chumba kisicho na mwanga hata kidogo, akamwachia panya sakafuni. Bundi alimkamata kwa sauti tu. Na yeye mwenyewe bundi hasikiki, kwa sababu manyoya ya mbele ya bawa lake yana meno madogo kama kitana, nayo huvunja upepo usivume. Ndiyo maana mtu hushtuka: ameona kitu cheupe kimepita juu ya kichwa, wala hakusikia kitu. Hapo ndipo hadithi nyingi za mizimu zilipozaliwa, nadhani.

Sasa tuje kwa panya, maana bila panya somo hili lina nusu tu.

Mkulima yeyote anamjua panya shamba. Humfuata mpandaji nyuma, akafukua punje ya mahindi kabla haijaota. Mahindi yakikomaa, hula yakiwa shambani. Yakivunwa, huyafuata ghalani. Jike huzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na mvua ikinyesha vizuri huzaa tena na tena. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huko Morogoro, wamewachunguza panya hawa kwa miaka mingi, na wanaeleza jinsi mvua inavyowaongeza. Tena panya haibi mahindi tu. Viroboto wake hueneza tauni. Watu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa: tauni iliingia wilaya hiyo mwaka 1980, ikawa inarudi kwa miaka mingi, na watu wengi walizikwa.

Na bundi mwenye uso mweupe anakula nini? Mama yetu wa barua amekwisha kujibu kwa ufagio wake. Anakula panya. Humeza mzima, kichwa kwanza. Asichoweza kuyeyusha tumboni, yaani mifupa na manyoya, hukitapika kikiwa donge moja jeusi lenye ukubwa wa kidole gumba. Donge hilo ni kama hati ya mashtaka: ndani yake mna mafuvu, na ukihesabu mafuvu utajua panya wangapi wamekufa. Wakati wa kulea, mume na mke huwinda usiku kucha, na dari lenye vifaranga wanne au watano hupokea panya wengi kila usiku.

Wako watu waliolitumia jambo hili kwa makusudi. Katika mashamba ya michikichi huko Malesia, wakulima waliweka masanduku ya mbao juu ya nguzo ili bundi waje kutaga. Katika bonde la mto Jordan, wakulima wa Israel walianza kuweka masanduku mwaka 1983. Wakulima wa Jordan, ng'ambo ya pili, nao waliungana nao mwaka 2002. Lakini haikuwa rahisi. Watu wengi wa huko nao walilelewa wakiamini kwamba bundi ni nuhusi. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu na chumvi yake. Hata hivyo wakulima walianza kukubali. Huyo bundi wa bonde la Jordan ni ndugu wa karibu sana wa huyu wa ghala lako.

Siwadanganyi, lakini. Bundi hawamalizi panya wote. Mwaka wa mvua nyingi, panya wakifurika, hata bundi kumi hawatoshi. Itakubidi bado ufagie ghala, uliinue juu ya nguzo, uzibe matundu, ufyeke nyasi zinazolizunguka. Bundi ni mlinzi mmoja asiyedai mshahara; ukiwa na mlinzi huachi kufunga mlango.

Na hapa pana kosa ambalo hata mtu asiyemwogopa bundi hulifanya. Hununua dawa ya panya dukani. Zipo dawa zinazomfanya panya atokwe na damu ndani ya mwili. Panya huyo hafi pale pale. Hutembea siku kadhaa, amelegea, hakimbii, nayo dawa imo mwilini mwake. Bundi humwona, humchukua kwa urahisi, na yeye au vifaranga wake hunyweshwa sumu ile ile. Kwa hiyo penye bundi, tumieni mitego. Na mkimwona panya aliyekufa kwa sumu, mzikeni, msimtupe jaani.

Mama, sasa nakujibu. Ningekuwa mimi, nisingemgusa bundi yule, wala nisingegombana na mama mkwe. Mwonyeshe mumeo mifupa uliyoifagia, wala usiseme neno. Kama wakikataa kabisa asikae ghalani, mpeni mahali pengine. Fundi atengeneze sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana na kimo 45, na tundu la sentimita 15, alifunge katika mti mkubwa mbali kidogo na nyumba, juu ambako watoto hawafiki. Likisha wekwa, ngojeni mpaka vifaranga wa sasa waruke, kama wapo, nao hukaa karibu miezi miwili tangu kuanguliwa. Kisha zibeni tundu la ghala mchana, mkiwa mmehakikisha hakuna ndege ndani. Huenda bundi akahamia sandukuni, huenda asihamie. Hilo halina mkataba.

Kazi ya juma hili, wanafunzi, ni hii. Atakayejua mahali anapokaa bundi, aokote donge moja kavu chini yake. Alilaze katika bakuli la maji yenye sabuni, bakuli ambalo halitumiki kwa chakula, kisha alifumue taratibu kwa vijiti viwili na kunawa mikono vizuri. Ahesabu mafuvu. Aandike katika daftari: tarehe, mahali, na idadi ya mafuvu. Mwalimu akusanye hesabu za darasa zima, azijumlishe ubaoni. Wanaopenda watuandikie, na mama wa barua naye atuandikie tena atueleze nyumbani wamesemaje.

Juma lijalo, siku kama hii na saa kama hii, mwenzangu atazungumza juu ya mbayuwayu. Mwalimu ataandika ubaoni maneno haya: mbayuwayu, matope, safari, bahari. Kwaherini.