Waendao Umra na Vijidudu Visivyosikia Dawa



Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, Ramadhani hii wako kati yetu wanaojiandaa kwenda Umra, Allah awatakabalie. Mimi si daktari, ni mwanafunzi tu wa chuo, lakini hili tusilinyamazie.

Bakteria wa homa ya uti wa mgongo huweza kukaa kooni mwa mtu asiye na homa wala kikohozi, kisha akamwambukiza jirani kwa mate. Baada ya Hija ya 1987 aina moja ilitoka Makka, ikazuka Sudan, na mwaka 1989 ikaleta mlipuko mkubwa kwetu Kenya, pale Nairobi. Mwaka 2000 ikaja nyingine, W135, ikarudi na mahujaji hadi Ulaya. Ndipo Saudia ikashurutisha chanjo ya aina nne: A, C, W na Y.

Sasa sikiliza hili. Aprili na Mei 2024, Marekani, Uingereza na Ufaransa zilipata wagonjwa 12, waliotoka Umra au wanaoishi na waliotoka huko. Tisa hawakuchanjwa, waliobaki haikujulikana. Na baadhi ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa siprofloksasini. Ndiyo ile ile sipro ya kemisti! Na ndiyo dawa wanayopewa watu wa nyumba ya mgonjwa wasiambukizwe. Ikishindwa, mama na watoto nyumbani watakingwa na nini?

Usugu tunaulea wenyewe. Tumbo likiuma tu, mtu anaambiwa ni taifodi, ananunua vidonge vinne bila kupimwa. Mafua anayanywea amoksilini, na mafua ni virusi, wala hayajali! Bakteria dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaana. Kisha wa Keroka, wa Lagos na wa Jakarta wanakutana bega kwa bega kwenye tawafu, kila mmoja na wake.

Kwa hiyo wewe msafiri, chanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ulizia hospitali mapema, usingoje wiki ya ndege. Na kama kuna anayetaka kadi bila sindano, mwambieni kadi haimkingi mtu. Ukirudi ukashikwa na homa kali, kichwa kikauma na shingo ikakaza, pita kemisti moja kwa moja hadi hospitali, saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku wa daku. Na useme: nimetoka Umra.

Wabillahi tawfiq.