MWILI SI SHAHIDI
Mazungumzo na viongozi walei juu ya hofu, aibu na maumbile yetu



Ndugu zangu wapendwa, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya hisia zilizo nzito, na juu ya namna mtu anavyouona mwili wake mwenyewe. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mambo hayo yanahusianaje na Haki na Amani. Wengine watadhani ni habari za wasichana wa mjini na vioo vyao. Lakini kwetu sisi wa Bukoba na Muleba jambo hili lina historia yake.

Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, waligunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Kwetu ugonjwa ulikuwa haujapata jina. Watu wetu wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichopendwa sana wakati ule wa magendo ya Uganda. Ng'ambo ya mpaka wakauita Slim, yaani mwembamba. Yatazameni majina hayo mawili: moja ni la vazi, la pili ni la umbo. Tangu mwanzo ugonjwa ulisomwa juu ya mwili. Kipimo cha damu kilianza kupatikana duniani mwaka 1985, nacho kilikawia sana kufika vijijini. Katika muda huo wote, macho ya jirani ndiyo yaliyokuwa kipimo.

Siwalaumu wazee wetu. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Mwaka 1996 walikuwa wameshuka hadi 13. Hofu ya siku zile haikuwa upumbavu. Ilikuwa hofu ya watu waliokuwa wakizika kila juma. Ila mazishi yale yamepungua, na yale macho yamebaki. Hata leo mtu akipungua kidogo, salamu huanza na "Mbona umekonda?" nayo husemwa kwa sauti, mbele za watu, gulioni au nje ya kanisa. Anayeulizwa labda ana kisukari, au vidonda vya tumbo, au amefiwa tu.

Kisha zikaja dawa. Serikali ilianza kuzitoa bila malipo mwaka 2004, zikawainua watu waliokwisha kuandaliwa sanda. Mojawapo ya dawa za awali, stavudini, iliokoa maisha, lakini kwa wengine iliondoa mafuta usoni, mikononi na miguuni: mashavu yakabonyea, mishipa ikatokeza. Mtu alipona, na papo hapo akawa na sura iliyomtangaza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Dawa inayotumika sana sasa, dolutegraviri, ni bora zaidi. Hata hivyo baadhi ya watu, hasa wanawake, huongezeka uzito wanapoitumia. Nao wasemaji wamekwisha kupata neno jipya: akikonda ni ugonjwa, akinenepa ni dawa. Basi mtu huyu avae mwili gani ili apite sokoni kwa amani?

Na jambo la kusikitisha ni kwamba macho hayo hayajui kitu. Mwenye virusi atumiaye dawa vizuri, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Mwenye afya ya kupendeza, asiyepima kamwe, huenda anaambukiza.

Sasa tuingie ndani ya moyo. Mafundisho ya Kanisa yanasema kwamba hisia yenyewe si njema wala si mbaya kimaadili. Uzito uko katika yale tunayoyatenda kwa kusukumwa nayo. Kwa hiyo anayeona hofu au hasira asijihukumu. Lakini tutofautishe hatia na aibu. Hatia husema, "Nimetenda baya," nayo ina dawa yake: toba na malipizi. Aibu husema, "Mimi mwenyewe ni mbaya," nayo haiondoki kwa kuungama, maana hakuna dhambi ya kuungama. Nimewasikiliza wengi walioungama wembamba wao.

Hofu nayo hufanya kazi mwilini. Moyo hupiga mbio, usingizi hutoroka, hamu ya chakula hupotea. Mtu hukonda kwa kuogopa kwamba amekonda! Wengine huacha dawa ili sura irudi, na hapo ndipo hatari ya kweli. Anayechukizwa na mabadiliko ya mwili wake aende kwanza kliniki akamweleze mtoa huduma. Mara nyingi dawa yaweza kubadilishwa. Na huzuni ikizidi majuma mawili, kazi ikashindikana na mtu akaona heri kufa, sala zisichukue nafasi ya daktari. Viende pamoja.

Nasi tulio kando tufanye nini? Rafiki za Ayubu walipomwona mwili umeharibika, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walitenda vema. Walikosea walipofumbua vinywa na kuanza kutafuta sababu. Kule Nshamba, shirika lililoanza kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi lilijiita Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Watoto wale walikuwa wameona miili ya wazazi wao ikiisha, wakihitaji mtu wa kuwasikiliza wayaseme waliyoyaona.

Mkumbuke pia kwamba Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Kiongozi wa jumuiya anayemnyima mtu kazi ya kupika katika sherehe kwa sababu ya sura yake, huyo hajakosa adabu tu.

Namalizia na vijana waliozaliwa na virusi. Baadhi yao ni wafupi kuliko wenzao, na hukawia kubalehe. Katika maandamano ya Ekaristi nimeona kijana wa miaka kumi na saba akipangwa na watoto wa Komunyo ya Kwanza kwa sababu ya kimo chake. Walezi, msimpange kwa macho. Mwulizeni yeye mwenyewe angependa kusimama wapi.