Nguvu ya Kumaliza Mashindano

Dominika ya 20 ya Mwaka C. Somo la pili: Ebr 12:1-4



Katika somo la pili la Dominika hii, mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatufananisha na wakimbiaji uwanjani. Anatutaka tuweke kando kila mzigo, tukimbie kwa saburi, macho yetu yakimwelekea Yesu. Hatuahidi kwamba njia itakuwa tambarare. Anajua kuwa mara nyingi moyo huchoka kabla ya miguu.

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunauelewa mfano huo, maana vijana wetu wanapenda michezo. Namungo, timu ya Ruangwa, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Mwaka 2020 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi yetu, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Msimu uliofuata iliingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na humo ikashika mkia katika kundi lake. Tuwafundishe nini watoto wetu juu ya kushindwa kwa namna hiyo?

Tuseme kweli, ndugu. Katika soka yetu wako ambao, mechi ikikaribia, humtafuta mganga. Wengine hukataa hata kupita mlango wa uwanja, wakaruka ukuta kwa kuogopa kilichotegwa mlangoni. Huko siko kujiamini. Mwenye hirizi kiunoni anategemea uzi; uzi ukikatika, na moyo wake hukatika. Tena akifungwa hasemi kwamba hakujiandaa, bali husema amerogwa, na kesho yake humtazama jirani kwa jicho la chuki. Hivyo mchezo uliopaswa kutuunganisha huingiza fitina hata ndani ya jumuiya zetu ndogo ndogo.

Ujasiri wa kweli hujengwa polepole, watu wakiwa hawapo. Mchezaji aliyekosa penalti Jumamosi hurudi uwanjani Jumatatu, akaupiga mpira ule ule mara nyingi. Hukubali kusahihishwa na kocha, hulala mapema, hujiepusha na ulevi. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwanamichezo hujinyima mambo mengi kwa ajili ya taji liharibikalo. Siku ya mashindano ikifika, kijana wa namna hiyo huweza kuogopa, lakini hofu haimtawali, kwa sababu anajua alichokifanyia kazi.

Tumkumbuke mwenzetu John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico City, alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Medali zilikuwa zimekwisha, lakini Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, akawa wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Alijua ametumwa, na hilo lilimtosha.

Nasi tumetumwa, tangu siku ya ubatizo wetu. Bwana wetu alianguka chini ya msalaba, lakini hakuuacha njiani.

Basi wazazi na makatekista, tusimdhihaki kijana aliyeshindwa. Tumuulize kesho atafanya mazoezi saa ngapi. Tumfundishe pia kusali vema. Sala haishiki nafasi ya mazoezi, wala hatumwombi Mungu awaangushe wapinzani. Hata ishara ya msalaba, tukiifanya kwa moyo wa hirizi, tumeigeuza kuwa uganga. Tumwombe atujalie kucheza kwa haki, kuinuka tuangukapo, na kumpa mkono aliyetushinda.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.