Nairobi Hadi Arusha: Mgeni Asipite Kajiado Akiwa Amelala

Hii ni mada iliyotayarishwa kwa mazungumzo na waelekezi wa watalii, madereva, wenye hoteli na vikundi vya akina mama wanaotengeneza shanga kando ya barabara kuu ya Kitengela hadi Namanga.



Kila asubuhi mabasi madogo ya watalii huondoka Nairobi kuelekea Arusha. Ndani yake mna watu wanaokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, wengine wanaokwenda Serengeti na Ngorongoro, na wengine wanaorudi nyumbani kwao. Safari hiyo ni ya takriban kilomita 270, na karibu nusu yake iko ndani ya Kaunti ya Kajiado: Kitengela, Isinya, Kajiado mjini, Bisil, Maili Tisa, kisha Namanga. Tangu barabara hiyo ilipojengwa upya kwa lami nzuri, gari hufika mpakani kwa muda wa saa mbili na nusu au tatu.

Barabara nzuri ni neema, lakini imekuja na hasara ambayo watu hawaizungumzii. Gari likienda kasi, halisimami. Mgeni hulipa nauli Nairobi, hulala usingizi kuanzia Athi River, huamka Namanga kupigiwa muhuri pasipoti, kisha huenda zake. Akina mama wa Namanga wanaouza bangili na mikufu kupitia madirisha ya magari wanajua jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Wao hupewa dakika tano za kumshawishi mtu ambaye hajui yuko wapi wala shanga hizo zina maana gani. Ndiyo maana bei huteremshwa hadi mama anauza kwa hasara.

Pendekezo lililo mbele ya kikao hiki ni rahisi. Safari hiyo hiyo ya saa tano au sita inaweza kufanywa ziara ya siku nzima yenye mwelekezi, vituo vitatu au vinne, na chakula cha mchana. Mgeni bado analala Arusha usiku huo. Tofauti ni kwamba atakapofika huko, atakuwa ameijua Kajiado, na Kajiado itakuwa imepata riziki.

Kituo cha kwanza: Kitengela

Wengi huiona Kitengela kama msongamano wa magari na majengo ya ghorofa. Mwelekezi mzuri ataanza na swali ambalo kila mgeni hujiuliza akitazama dirishani: mji huu umetoka wapi? Jibu ni historia ya kweli. Baada ya sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje kupitishwa mwaka 1990, eneo la EPZ lilianzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na ardhi ya wafugaji ikaanza kukatwa vipande vya kuuzwa.

Upande wa pili wa historia hiyo ni wanyamapori. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Mpaka wake ni mto Mbagathi, na tangu zamani nyumbu na pundamilia walivuka mto huo wakati wa mvua kwenda kula nyasi katika nyanda za Kitengela na Kaputiei. Katika miaka ya 1970 nyumbu hao walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo waliosalia ni wachache sana, kwa sababu njia zao zimezibwa na ua, mawe ya kuchimbwa na nyumba. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza. Mpango huo ulionyesha kwamba mfugaji yuko tayari kuishi na wanyama ikiwa wanyama hao wanamletea kitu. Ulionyesha pia kwamba shilingi 300 haziwezi kushindana na bei ya ploti.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kila mgeni anayepita bila kusimama ni sababu moja zaidi ya mwenye ardhi kusema kwamba swara na twiga ni wa serikali na wa hoteli kubwa, si wake.

Kwa wageni wanaopenda sanaa, katika nyanda zilizo kati ya Kitengela na Ongata Rongai kuna karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambako vioo vilivyotumika huyeyushwa na kugeuzwa kuwa gilasi, shanga na mapambo. Lakini mwelekezi aseme ukweli: mahali hapo pako mbali na lami, na wakati wa mvua njia huwa mbaya. Anayekwenda huko lazima apunguze kituo kingine.

Kituo cha pili: Kajiado mjini

Jina la Kajiado limetokana na maneno ya Kimaa yenye maana ya mto mrefu. Mji huu ni makao makuu ya kaunti, na una reli ambayo wageni wachache wanaifahamu. Njia hiyo hutoka Konza, hupita Kajiado na kuteremka hadi Ziwa Magadi. Ilijengwa ili kubeba magadi kwenda bandari ya Mombasa, baada ya kampuni ya Magadi Soda kuundwa mwaka 1911.

Mwaka huo huo wa 1911 ndio wa mkataba wa pili kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai, uliofuata ule wa 1904. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondolewa Laikipia na kuhamishiwa hifadhi ya kusini. Baadhi yao walikwenda mahakamani mwaka 1913 kupinga, wakashindwa, kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa wa mataifa mawili na mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Mgeni aliyesimama karibu na reli ya Kajiado akaelezwa hayo kwa dakika kumi, ataelewa kwa nini ardhi ni jambo zito hapa hadi leo. Hahitaji kuonyeshwa jengo lolote la fahari.

Kajiado pia ndiyo mahali pa kula. Wenye hoteli wana nafasi hapa, lakini mgeni wa njiani ana mahitaji matatu: chakula kiwe tayari kwa saa iliyokubaliwa, choo kiwe safi na chenye maji, na bei iwe imeandikwa. Nyama choma ya mbuzi ni nzuri, ila haiivi kwa dakika ishirini. Mwelekezi apige simu akiwa Isinya, nyama iwekwe motoni.

Kituo cha tatu: Bisil na boma la mfugaji

Bisil inajulikana kwa soko la mifugo. Siku ya soko, hakuna onyesho linalohitaji kutengenezwa. Mgeni ataona ng'ombe wakipimwa kwa macho, wanunuzi kutoka Nairobi wakibishana, na wazee wakikataa bei kwa kunyamaza tu. Kinachohitajika ni adabu: wageni wasisimame kati ya muuzaji na mnunuzi, na wasimpige mtu picha bila kumwomba.

Siku isiyo ya soko, kituo kinaweza kuwa boma. Hapa kuna mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni jina. Watalii huambiwa kwamba kila makazi ya Wamaasai ni manyatta, ilhali emanyatta ni kambi ya morani, na boma la familia huitwa enkang. Mwelekezi anayejua tofauti hiyo huaminiwa tangu dakika ya kwanza. La pili ni ruhusa. Boma ni nyumba ya watu. Familia iulizwe mapema, ikubali siku na saa, na ilipwe moja kwa moja, mbele ya mgeni, kiasi kilichoandikwa. Mtindo wa dereva kuchukua fedha zote kisha kumwachia mwenye boma mia tano umeharibu jina la ziara hizi katika sehemu nyingi.

Shanga nazo zina hadithi ya kusimulia. Kabla ya shanga za kioo kuletwa na wafanyabiashara, watu walitumia mbegu, mifupa na udongo. Mama akikaa chini na mgeni kwa nusu saa, akamwonyesha uzi unavyopita na rangi zinavyochaguliwa, mkufu ule hautauzwa tena kwa bei ya dirishani.

Kituo cha nne: Namanga

Namanga iko chini ya Ol Doinyo Orok, yaani mlima mweusi, wenye urefu wa takriban mita 2,500 na msitu juu yake. Siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana upande wa mashariki, ingawa mlima huo hupenda kujifunika kuanzia katikati ya asubuhi. Kwa hiyo asiahidiwe mtu.

Asiahidiwe pia Amboseli. Kutoka Namanga hadi mbugani ni takriban kilomita 75 za njia nyingine. Mgeni anayetaka kuona ndovu wa Amboseli alale usiku mmoja Kajiado, jambo ambalo ni bora zaidi kwa kaunti. Amboseli ya kukimbia kwa saa moja ni kumdanganya.

Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilifunguliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli. Mgeni sasa hupitia taratibu za nchi zote mbili katika jengo moja. Hata hivyo mwelekezi akague mambo matatu kabla ya kuondoka Nairobi: viza ya Tanzania, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na pasipoti yenyewe. Viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo.

Mpakani ndipo kazi ya mwelekezi wa Kenya inapokoma. Makubaliano ya mwaka 1985 kati ya nchi hizi mbili yanaweka mipaka kwa magari ya watalii yanayovuka, na mwezi Julai 2025 Tanzania iliorodhesha kazi ya kuongoza watalii miongoni mwa biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kufanya. Hakuna haja ya kulalamika barabarani. Dawa ni kuwa na mwenzako wa Namanga upande wa pili anayempokea mgeni na kuendelea na simulizi kupitia Longido hadi Mlima Meru. Mgeni akabidhiwe kwa jina, si kuachwa mlangoni.

Saa na fedha

Ratiba inayowezekana ni hii. Kuondoka Nairobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kitengela saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu. Kajiado saa tatu na nusu, matembezi na chakula cha mapema hadi saa tano na nusu. Bisil saa sita hadi saa saba na nusu. Namanga saa nane na nusu. Kuvuka kufikia saa tisa na nusu, na Arusha kabla ya giza. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, na ratiba hii haifiki hapo.

Kuhusu fedha, tuseme kwa mfano tu gari lina wageni sita. Kila mmoja akilipa shilingi 800 za chakula, hiyo ni 4,800. Ada ya boma ikiwa shilingi 500 kwa mtu, ni 3,000. Mwelekezi akilipwa 4,000 kwa siku, jumla ni shilingi 11,800 zilizobaki Kajiado kabla hata ya mkufu mmoja kununuliwa. Gari moja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni shilingi 59,000. Leo gari hilo hilo huacha bei ya maji ya chupa.

Anayetaka kuanza aanze na vibali. Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, mwelekezi hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mitihani ya chama cha waelekezi, KPSGA, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, humwongezea heshima na malipo. Vijana wa Kitengela, Isinya na Bisil wana kitu ambacho mwelekezi wa kutoka mbali hana: wanajua boma ni la nani, soko ni lini, na mto hujaa mwezi gani.

Baada ya leseni, watu wanne wakae meza moja: mwelekezi, dereva, mwenye hoteli na mwakilishi wa akina mama. Waandike bei, saa na mgao wa kila mmoja kwenye karatasi moja, kisha waipeleke kwa kampuni za usafiri. Wajaribu gari moja kwanza, wahesabu kilichopatikana, warekebishe, ndipo waongeze la pili. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kiwe Kajiado.