Toleo Jipya Litoke Lini?

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, nanyi wafadhili wetu,

Mnatuuliza kwa nini hatubadilishi programu za kompyuta za ofisi kila linapotoka toleo jipya. Tuangalie kwanza kalenda ya watengenezaji wake.

Debian, programu huria ya kuendeshea kompyuta, hutolewa ikiwa tayari. Toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002. Lililofuata likangojewa hadi Juni 2005. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian hiyo hiyo, tangu Oktoba 2004 imefuata tarehe: kila Aprili na Oktoba. Kazi isiyokamilika haisubiriwi, itapanda basi lijalo. Wiki kadhaa kabla ya tarehe mlango hufungwa: hakuna kuongeza kipya, ni kurekebisha makosa tu. Hata hivyo toleo la Aprili 2006 lilisogezwa hadi Juni 1, kwa kuwa lilikuwa la kwanza la kutunzwa muda mrefu. Sisi tunaona walifanya vyema.

Leo toleo la kawaida la Ubuntu hutunzwa miezi 9 tu. Lile la muda mrefu, linalotoka kila miaka 2, hutunzwa miaka 5. Kwa kompyuta yenye daftari la michango hatuoni sababu ya kuchagua la kwanza, hata liwe na mapambo gani. Ndiyo maana fedha za fundi na mafunzo tunaziomba kila baada ya miaka 4, siyo kila mwaka. Tunaomba kamati ziziingize katika bajeti mapema, na kazi yenyewe ifanyike baada ya hesabu za mwaka kufungwa.